Kwa nini meli ya watalii huipita bandari iliyoahidiwa

Watalii wameamka alfajiri, wamevaa kofia na kujipaka mafuta ya kujikinga na jua. Mji wanauona mbele yao. Ghafla sauti ya nahodha inasikika kwenye vipaza sauti: leo hakuna atakayeshuka. Meli inageuza omo na kwenda zake.

Hali hiyo si ngeni George Town, mji mkuu wa Visiwa vya Cayman katika Bahari ya Karibi. Mji huo hauna gati la kupokea meli kubwa za kitalii. Meli husimama mbali na ufuo, na abiria hupelekwa nchi kavu kwa mashua. Katika kura ya maoni ya Aprili 30, 2025, wapiga kura wengi walikataa kujengwa kwa gati la aina hiyo.

Kwa kawaida upepo wa huko huvuma kutoka mashariki, na kwa kuwa mji umeelekea magharibi, maji yake hutulia. Hata hivyo, katika miezi ya baridi, hewa baridi kutoka Marekani Kaskazini huleta upepo wa kaskazini-magharibi unaoupiga ufuo huo moja kwa moja. Hapo meli huweza kuhamia Spotts, upande wa kusini wa kisiwa. Huko nako kukichafuka, ziara huvunjwa.

Ugumu wenyewe umo katika hatua moja tu. Abiria, wakiwemo wazee, hutoka kwenye mlango wa ubavuni na kukanyaga mashua inayopanda na kushuka kwa mawimbi. Mguu ukikosea, huweza kubanwa kati ya vyombo viwili. Mawimbi hayo huweza kutoka mbali, hivyo jua huwaka na anga kuwa shwari ilhali bahari haifai.

Isitoshe, nahodha hujiuliza zaidi iwapo abiria watarudi kuliko iwapo watashuka. Asubuhi tulivu ikifuatiwa na jioni ya dhoruba, maelfu ya watu huweza kukwama ufuoni bila malazi wala dawa zao.

Bandari zenye gati nazo hazijasalimika. Ubavu wa meli ya kitalii ni kama jengo la ghorofa kumi na zaidi, nao hukinga upepo mithili ya tanga. Kasi ya upepo ikiongezeka maradufu, msukumo wake huongezeka mara nne. Katika mlango mwembamba wa bandari, hata matishari huweza kushindwa kuizuia meli.

Mombasa ina bahati. Kilindini, jina linalotaja kina cha maji yake, imekingwa na kisiwa chenyewe, na meli hufunga gatini. Aidha, meli nyingi za kitalii huja wakati wa kaskazi, kabla kusi halijachafua bahari. Lakini msimu huo ndio pia wa vimbunga vya kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi, karibu na Madagaska na Mauritius, na ratiba ikivurugika huko, Mombasa nayo huweza kuguswa.

Kisheria, uamuzi ni wa nahodha. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini wa mwaka 1974, pamoja na marekebisho yake, unakataza mwenye meli au mtu mwingine yeyote kumzuia kuchukua hatua anayoiona ya lazima kwa usalama.

Kwa abiria, mikataba ya safari kwa kawaida huiruhusu kampuni kubadili bandari bila fidia. Matembezi yaliyolipiwa kupitia meli hurejeshewa pesa aghalabu, lakini aliyejipangia mwenyewe na mwongoza watalii wa mjini huenda akapoteza malipo yake. Inafaa kusoma masharti ya bima na ya mwongozaji kabla ya kulipa.

Hasara kubwa zaidi hubaki ufuoni. Dereva wa teksi, mwenye mashua na muuza vinyago walikwisha kujaza mafuta na kupanga bidhaa. Meli ikipita, siku yao imekwenda, na hakuna mkataba unaowataja.

Anayetamani kuuona mji fulani hana budi kuuliza mambo mawili kabla ya kukata tiketi: je, meli hufunga gatini au abiria hushushwa kwa mashua, na mwezi huo pepo huvuma kutoka wapi? Majibu yake huweza kumwepusha na safari ya kuuona mji kwa mbali.