Sura ya Tano: Mbuzi, Mbwa na Ini Lililotupwa

Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu karibu mbuzi milioni 6 katika Turkana. Mbuzi ndiye mahari, ndiye karo ya shule, ndiye maziwa ya watoto wakati wa kiangazi. Kwa hiyo mchungaji wa Kakuma au muuza nyama wa Lodwar anapopasua tumbo na kukuta minyoo, swali huwa lile lile: je, hawa watatudhuru na sisi?

Jibu linategemea ni mdudu gani. Wapo wanaomaliza mbuzi lakini kwa mtu hawana habari. Wapo wachache wanaovuka moja kwa moja kutoka kwa mbuzi hadi kwa mtu. Na yupo mmoja ambaye hapiti njia hiyo kabisa: hutoka kwa mbuzi akaingia kwa mbwa, kisha mbwa akamleta nyumbani. Huyo wa mwisho ndiye aliyeipa Turkana jina baya katika vitabu vya tiba.

Wanaoua mbuzi

Adui mkubwa wa mbuzi ni mnyoo unaokaa katika tumbo la nne, Haemonchus contortus. Jike lake linafanana na uzi mwekundu na mweupe uliosokotwa, maana utumbo wake umejaa damu ya mbuzi na umezungukwa na mirija ya mayai. Kwa siku moja hutaga mayai 5,000 hadi 10,000. Mbuzi aliyeshambuliwa hudhoofika, kope zake hugeuka nyeupe kwa upungufu wa damu, na uvimbe laini hutokea chini ya taya.

Ukame wa Turkana humpunguzia mbuzi mzigo huu. Viluwiluwi vya mnyoo huyu vinahitaji unyevu, na hupanda majani mafupi tu, karibu na ardhi. Mbuzi anayekula matawi ya migunga juu huvikwepa. Hatari huongezeka mvua inyeshapo na nyasi changa kuchipuka, au mifugo mingi inaposongamana penye maji. Hata hivyo, mnyoo huyu ni nadra sana kumpata mtu. Vivyo hivyo tegu aina ya Moniezia, ambaye vipande vyake vyeupe huonekana kwenye kinyesi na kuwatisha watu, pamoja na viini vya Eimeria vinavyowaharisha damu wanambuzi. Hasara yao iko zizini.

Wanaovuka

Wanaomfikia mtu ni wengine. Trichostrongylus ni mnyoo mwembamba kama unywele, anayekaa katika utumbo mdogo wa mbuzi. Viluwiluwi vyake vikibaki kwenye mboga zilizowekwa samadi mbichi, au kwenye mikono isiyonawiwa, huingia tumboni mwa mtu na kukaa. Mara nyingi huleta maumivu ya tumbo na kuharisha, na dawa ya kawaida ya minyoo humtoa.

Cryptosporidium ni kiini kisichoonekana kwa macho, na hupatikana zaidi kwa wanambuzi wa wiki za kwanza. Kinyesi chao kikiingia katika maji, klorini ya kiasi cha kawaida haikiui, kuchemsha hukiua. Mtu mzima mwenye afya huharisha kisha akapona, lakini mtoto mwenye utapiamlo au mtu ambaye kinga yake imeshushwa na VVU anaweza kuzidiwa. Ndiyo maana kisima kinachochimbwa mchangani kwenye laga, yaani mto wa msimu, kinahitaji mahali pa mbuzi kunyweshea palipo mbali na mahali pa mama kuchotea.

Anayezunguka

Sasa tumfikie mkubwa wao, Echinococcus granulosus. Akiwa mzima ni tegu mdogo mno, wa milimita chache tu, na huishi katika utumbo wa mbwa kwa maelfu bila kumdhuru. Mayai yake hutoka na kinyesi, yakasambaa mchangani na majini, na kunata kwenye manyoya ya mbwa. Mbuzi, kondoo, ng'ombe au ngamia akiyala, hayawi minyoo tumboni mwake. Hupenya ukuta wa utumbo, hupelekwa na damu hadi kwenye ini au mapafu, na hapo hujijengea uvimbe uliojaa maji. Mnyama akichinjwa na mbwa akatupiwa ini hilo bichi, vichwa vidogo vilivyomo ndani ya uvimbe huwa tegu wapya. Mzunguko umekamilika.

Mtu huingia katika mzunguko huu mahali pa mbuzi: humeza mayai, kisha uvimbe humkua ndani. Unaweza kukua polepole kwa miaka mingi bila maumivu, mpaka tumbo lijae. Ukipasuka, maji yake yanaweza kuleta mshtuko wa mwili wenye kuua, au kuzalisha uvimbe mwingine tumboni. Hapa watu wengi hukosea: kula nyama ya mbuzi mwenye uvimbe hakumpi mtu ugonjwa huu. Unatoka kwenye kinyesi cha mbwa.

Mapema miaka ya 1980 watafiti walikadiria kuwa kaskazini mwa Turkana kulikuwa na wagonjwa wapya wapatao 220 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, kiwango kilichokuwa miongoni mwa vikubwa zaidi duniani. Wanawake waliathirika zaidi, na sababu iko katika maisha ya boma. Mbwa alilala nyumbani na watoto, na pale ambapo maji yalipatikana mbali, mama alimwacha mbwa amsafishe mtoto aliyejichafua. Jua kali huyaua mayai haraka, lakini kwenye kivuli cha nyumba na penye maji hudumu zaidi.

Mwaka 1983 shirika la AMREF lilianzisha mpango wa kuudhibiti ugonjwa huu. Wataalamu kama Eberhard Zeyhle na Calum Macpherson walipeleka mashine za altrasaundi hadi maboma ya wafugaji, ili uvimbe uonekane kabla mtu hajaugua. Matibabu nayo yalipanuka: pamoja na upasuaji, kuna vidonge vya albendazoli, na kuna njia ya kutoboa uvimbe kwa sindano, kuvuta maji, kuingiza dawa ya kuua viini, kisha kuyavuta tena.

Lakini tiba haimzuii mbwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 juu ya mifugo iliyochinjwa kaskazini mwa Turkana ulikuta uvimbe kwa zaidi ya nusu ya ngamia, na kwa mbuzi 4 au 5 hivi katika kila 100. Kiwango cha mbuzi ni kidogo, ila mbuzi ndiye anayechinjwa mara kwa mara, nyumbani, mbali na mkaguzi wa nyama, na mbwa yuko hatua mbili pembeni.

Iceland ilionyesha kuwa mnyororo huu hukatika. Mwaka 1863 daktari Mdenmark, Harald Krabbe, alipasua mbwa 100 huko na kukuta tegu huyu kwa 28. Wananchi waligawiwa kijitabu cha mafunzo, zikafuata sheria za mbwa na za kuchinja, na leo ugonjwa huo umekwisha nchini humo. Kazi hiyo ilianza kabla ya dawa za kisasa kuwapo.

Kwa msomaji wa Lodwar au Kakuma, wajibu ni huu. Ini au pafu lenye uvimbe lisitupwe: lichomwe, au lizikwe katika shimo refu ambalo mbwa hawezi kulifukua. Mbwa asipewe viungo vibichi, na apewe dawa ya prazikwanteli kwa ratiba ya daktari wa mifugo. Mtoto anawe mikono baada ya kucheza na mbwa, na maji ya laga yachemshwe. Mwenye uvimbe tumboni usioleta maumivu asingoje uanze kuuma. Aende hospitali apimwe. Mbuzi tunamhitaji, na mbwa mlinzi pia tunamhitaji. Kinachotakiwa ni kumnyima mbwa ini bichi.