Gauni la Michezo kwa Kigezo: Sehemu ya Pili, Kukata

Katika makala iliyotangulia tulieleza namna ya kuchukua vipimo. Leo twaingia katika kukata, nako ndiko kwenye hatari, kwa kuwa mshono mbaya hufumuliwa, lakini mkasi ukishapita hapana toba.

Vazi tulilolikusudia ni gauni la mpira wa pete, wanalolihitaji wasichana wa Sumbawanga, Nkasi na Kalambo wakati wa UMITASHUMTA na UMISSETA, mashindano ambayo aghalabu huangukia katikati ya mwaka, yaani kipupwe kinapokaza juu ya uwanda huu ulioinuka kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Magauni ya namna hiyo yapatikanayo katika mafungu ya mitumba mengi ni ya kitambaa chenye kunyumbuka, na yalishonwa kwa mitambo ambayo mshono wake hunyumbuka pia. Cherehani ya mguu iliyo katika baraza nyingi za mafundi wetu, iwe Singer kongwe au Butterfly ya Kichina, hupiga mshono mmoja ulionyooka; kitambaa kikivutika uzi haukifuati, bali hukatika tu kwapani, tena siku ya fainali, mbele ya kadamnasi.

Kwa hiyo rai yangu ni kwamba tusiige kitambaa chao. Tuchukue nguo ya mtande na mshindio, pamba iliyochanganywa na polista, kisha wasaa tuutafute katika mkato. Maarifa haya si mapya: fundi wa kanzu wa pwani, ambaye nguo yake hainyumbuki hata kidogo, hukata badani ya mbele na ya nyuma, akatia taharizi ubavuni ili nguo ipanuke kuelekea chini, na kikwapa chini ya mkono, ili mwenye kanzu ainue mikono kwa takbiri bila ya nguo kumpanda. Basi mfungaji anayeielekea pete iliyo mita 3.05 kutoka ardhini ana haja ya kikwapa kuliko hata imamu. Wala asiseme mtu kuwa mtande na mshindio ni mambo ya kigeni huku, maana Wafipa na jirani zao wa bonde la Rukwa walikuwa wakifuma pamba yao wenyewe zamani, kabla ya nguo za viwandani kujaa masokoni na kuudhoofisha ufumaji ule.

Kifue kitambaa kwanza, kikauke, kipigwe pasi, kwani pamba hurudi. Kikunje mara mbili, uweke kigezo cha nusu ya badani kwenye mkunjo, na mshale uliochorwa juu yake uende sambamba na ukingo wa jora; ukiupinda, gauni litaning'inia upande mmoja na hapana pasi itakayolinyoosha. Kifua kikiwa sentimita 86, ongeza 10 kwa ajili ya pumzi na fulana ya baridi itakayovaliwa ndani: jumla 96, robo yake 24, na 1.5 ya mshono upande wa ubavu peke yake, si kwenye mkunjo.

Kikwapa ni mraba wa sentimita 13, ambao ukishashonwa hubaki 10. Pembe moja ielekee mkononi, ya pili kiunoni, na mbili zilizosalia ziingie badani ya mbele na ya nyuma. Taharizi ianzie nyongani. Wako wapendao marinda, nami siwalaumu, kwani hupendeza mno. Ila marinda kamili hula kitambaa mara tatu, hata nyonga za sentimita 90 zikadai 270, na kila yafuliwapo hutaka pasi ya makaa. Kwa shule isiyo na fedha, taharizi ni bora.

Kabla ya kugusa cherehani, piga bandi kwa mkono, mvalishe mwenyewe gauni juu ya fulana yake, umwambie ainue mikono yote miwili, kisha achuchumae. Upindo ukipanda zaidi ya vidole vinne, au nguo ikimkaba begani, kikwapa ni kidogo. Kifumue ukate kikubwa zaidi.

Juma lijalo, inshallah, tutaeleza kaba ya shingo na sijafu. Msomaji anayetufuata na atafute mapema sindano nambari 14 na uzi wa polista, kwa maana uzi wa pamba hautahimili mchezo.