Abercrombie & Fitch: Kuinuka na Kuanguka kwa Duka la Vifaa vya Porini

Abercrombie & Fitch, jina ambalo siku hizi huonekana kwenye fulana na jinzi za vijana, lilikuwa kwa zaidi ya miaka 70 jina la duka la vifaa vya porini. Humo viliuzwa mahema, bunduki, ndoano, mitumbwi, buti, majiko ya kambini na karibu kila kitu anachohitaji mtu anayekwenda kulala mbali na nyumba yake. Duka lilifunguliwa New York mwaka 1892 na kufungwa mwaka 1977. Kati ya miaka hiyo lilijiita duka kubwa kuliko yote duniani la vifaa vya michezo na uwindaji.

Mwanzilishi, David T. Abercrombie, alizaliwa Baltimore mwaka 1867. Kabla ya kuingia kwenye biashara alikuwa mpima ardhi na mtafuta madini, kazi za kulala misituni, ambako ubora wa hema hujulikana usiku wa mvua. Juni 1892 alifungua duka dogo katika Mtaa wa South, karibu na gati za Manhattan. Wateja wake wa mwanzo walikuwa watu wa kazi kama yake: wapimaji, wawindaji na wachimba madini. Mtu wa namna hiyo hanunui kwa mapambo, na kifaa kikimwangusha porini harudi tena dukani. Ndiyo maana ubora ulikuwa sharti la kwanza la biashara hii tangu mwanzo.

Mmoja wa wateja hao alikuwa Ezra Fitch, mwanasheria wa mji wa Kingston katika jimbo la New York, aliyependa sana uvuvi wa ndoano na maisha ya porini. Mwaka 1900 alinunua sehemu ya biashara, na mwaka 1904 jina lake likaongezwa kwenye jina la kampuni. Lakini wabia hao wawili hawakuelewana kuhusu mwelekeo. Abercrombie alitaka kuendelea kuwahudumia watu wa kazi ya porini. Fitch aliona soko kubwa zaidi kwa wakazi wa mijini waliotamani kuonja maisha hayo siku za mapumziko. Mwaka 1907 Abercrombie aliuza hisa zake, akaondoka.

Fitch alipobaki peke yake alichukua hatua iliyokaribia kuizamisha kampuni. Mwaka 1909 alichapisha orodha ya bidhaa yenye kurasa 456, nakala 50,000, na kila nakala iligharimu takriban dola moja. Fedha zote hizo zilitoka kabla ya mauzo yoyote kuingia. Kampuni ilichechemea, kisha maagizo yakaanza kumiminika kwa posta kutoka sehemu nyingi za nchi. Mtu aliyeishi mbali na New York sasa aliweza kuchagua hema akiwa nyumbani kwake. Kwa hatua hiyo duka la mtaa mmoja lilipata wateja wa nchi nzima.

Mwaka huohuo jina la duka lilifika Afrika Mashariki. Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka madarakani kama rais wa Marekani, alishuka Mombasa Aprili 1909 pamoja na mwanawe Kermit na wataalamu wa viumbe kutoka taasisi ya Smithsonian. Sehemu ya vifaa vyake ilitoka Abercrombie & Fitch, ikiwemo mifuko ya kulalia iliyotengenezwa kuzuia nyoka. Msafara huo ulihitaji wapagazi zaidi ya mia mbili, waliobeba mahema, risasi, vyakula na tani nne za chumvi ya kuhifadhia ngozi. Kila mzigo ulipaswa kufungwa kwa uzito ambao mtu mmoja angeubeba kichwani mchana kutwa, kwa kawaida karibu kilo 27. Kwa muuzaji wa vifaa, safari ya aina hiyo ilikuwa mtihani na tangazo kwa pamoja: hema lililostahimili miezi mingi ya jua na mvua likiwa mikononi mwa mtu maarufu lilijieleza lenyewe kwa wanunuzi.

Mwaka 1910 duka lilianza kuuza nguo za wanawake, jambo ambalo maduka ya aina yake New York yalikuwa hayajalifanya. Mwaka 1917 lilihamia jengo la ghorofa 12 kwenye makutano ya Madison Avenue na Mtaa wa 45. Chini ya jengo kulikuwa na uwanja wa kulengea shabaha. Ghorofa moja ilijaa bunduki na vichwa vya wanyama vilivyokaushwa; nyingine ilikuwa ya wavuvi, yenye maelfu ya chambo bandia na mwalimu wa kurusha ndoano. Juu ya paa palijengwa nyumba ya magogo, na kando yake bwawa ambamo mteja alijaribu mshipi kabla ya kuulipia. Wauzaji walikuwa watu waliojua kuwinda, kuvua na kupiga kambi, na mteja aliyeingia kununua buti aliweza kutoka na ushauri wa safari nzima. Miongoni mwa walionunua hapo walikuwa Amelia Earhart, Charles Lindbergh na Ernest Hemingway.

Fitch alistaafu mwaka 1928, mwaka mmoja kabla ya mporomoko wa soko la hisa la New York. Miaka ya mdororo iliumiza mauzo, kwa kuwa fimbo ya gofu na bunduki ya kuwindia ndege ni vitu vya kwanza kuahirishwa kipato kinapopungua. Kampuni iliokoka. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ilipanuka tena, ikafungua tawi San Francisco mwaka 1958 na baadaye matawi mengine katika miji ya matajiri na vituo vya mapumziko. Kwa nje ilionekana imara, ilhali udhaifu wake ulikuwa tayari ndani.

Udhaifu wa kwanza ulikuwa mtaji uliolala. Duka linaloahidi kuwa na kila kitu lazima liweke rafuni bidhaa nyingi zinazouzwa mara chache. Tuseme bunduki imenunuliwa kwa dola 600 ili iuzwe kwa dola 1,000. Ikiuzwa ndani ya miezi miwili, fedha hizo huzunguka mara sita kwa mwaka na kila mzunguko huacha faida. Ikikaa miaka miwili, faida ileile ya dola 400 inapaswa kulipia pango, mishahara, bima na riba ya miezi 24. Katika jengo la ghorofa 12 katikati ya Manhattan, hesabu hiyo ilizidi kuwa nzito kila mwaka.

Udhaifu wa pili ulikuwa wateja. Waliolijenga jina la duka walizeeka, na watoto wao walikwenda porini kwa namna nyingine. Kufikia miaka ya 1960 vijana wa Marekani walipenda kutembea milimani wakiwa na mkoba mmoja mgongoni na hema jepesi la nailoni. Hawakuhitaji bunduki ya thamani wala kiti cha kambini cha ngozi. Hata uwindaji wa wanyama wakubwa ulikuwa unafungiwa milango: Mei 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori. Marufuku hiyo haikuliua duka la New York, lakini ilionyesha kwamba ulimwengu liliouhudumia ulikuwa unapita.

Udhaifu wa tatu ulikuwa washindani waliobeba gharama ndogo. L.L.Bean, iliyoanza mwaka 1912 kwa buti yenye sehemu ya chini ya mpira na ya juu ya ngozi, iliuza kwa posta kutoka mji mdogo wa Freeport, Maine. Kati ya jozi zake 100 za kwanza, 90 zilirudishwa kwa ubovu. Mwenye duka alirudisha fedha za watu, akarekebisha buti, akaendelea. REI ilianzishwa Seattle mwaka 1938 na wapanda milima waliounda ushirika ili wapate vifaa bora kwa bei wanayoimudu, na wanachama waligawana ziada ya mapato. Maduka ya kawaida ya punguzo nayo yaliuza ndoano na mipira kwa bei ambayo Madison Avenue haikuweza kuifikia.

Abercrombie & Fitch ilijaribu kujiokoa kwa mauzo ya punguzo na kwa kuingiza bidhaa za bei ya chini. Hatua hizo hazikuwavuta vijana wa kutosha, na ziliwatia shaka wateja wa zamani waliolipa bei ya juu wakiamini wananunua kisichopatikana penginepo. Agosti 1976 kampuni iliomba hifadhi ya mahakama dhidi ya wadai, utaratibu wa sheria za Marekani unaoipa kampuni nafasi ya kupanga upya madeni yake huku ikiendelea kufanya kazi. Mpango wa kuifufua haukupatikana, na Novemba 1977 milango ya Madison Avenue ilifungwa.

Kilichobaki na thamani kilikuwa jina. Mwaka 1978 kampuni ya Oshman's ya Houston ililinunua pamoja na orodha ya anwani za wateja. Mwaka 1988 liliuzwa tena kwa kampuni ya The Limited kwa takriban dola milioni 47, na katika miaka ya 1990 likageuzwa kuwa nembo ya nguo za vijana.

Duka hili halikuangushwa na bidhaa mbovu, kwa kuwa ubora wake ulisifiwa hadi mwisho. Liliangushwa na gharama zilizopangwa kwa ajili ya mteja aliyekuwa anatoweka. L.L.Bean na REI, zilizoweka gharama zao karibu na kipato cha watu waliokuwa wakienda porini kweli, zinauza mahema hadi leo.