Seva iliyotumika: kable inaweza kuingia na isiwe yake

Hapa Likasi, mtu akinunua seva iliyokwisha kutumika, anaweza kuipata bila kable za ndani. Achunge sana kable za alimentasio, kile kisanduku cha umeme. Zile zinazochomoka hazina mpangilio mmoja: ya kampuni moja inaingia vizuri kwenye kisanduku cha ingine, lakini volti 12 inapita njia ya volti 5. Disiki zinaungua, picha za familia nazo zinapotea.

Kable ya data, SFF-8087 kwenda SATA nne, iko ya aina mbili zinazofanana. Ukikosea, disiki hazionekani, ila haziungui.

Basi soma modeli ya alimentasio, halafu fundi apime volti kwa multimeta mbele ya kuunganisha disiki.