Kweli au Si Kweli: Mtoto Gani Apelekwe Kuona Viboko wa Katavi?

Kila inapokaribia Oktoba 31, sikukuu ya Halloween, viwanja vikubwa vya burudani huko Marekani hujaa mizimu ya kulipia kiingilio. Waendeshaji wake wanajua jambo ambalo sisi huku tunalifanya kwa kubahatisha, nalo ni kuipanga hofu kwa umri. Mjini Orlando, Disney huwakaribisha watoto wadogo kwenye Mickey's Not-So-Scary Halloween Party, ambako vitisho hupunguzwa makali makusudi. Jirani yao Universal, tangu 1991, hufanya usiku wa vitisho vya kweli uitwao Halloween Horror Nights, na hutangaza waziwazi kwamba haupendekezwi kwa aliye chini ya miaka 13.

Mpanda hatuna maboga yaliyochongwa macho wala watu wanaolipwa kurukia watoto gizani. Idi na Krismasi tuna majumba ya kurukaruka yanayojazwa upepo, soda na picha ya familia, basi. Lakini kilomita zisizofika 40 kusini mwa mji, pale Sitalike, ndipo yalipo makao ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974 na sasa ina ukubwa wa kilomita za mraba 4,471. Oktoba hiyohiyo ya maboga, viboko wa hapa hubanana kwa mamia katika madimbwi yaliyobaki ya Mto Katuma, wakisukumana na kung'atana, huku mamba wakivizia pembeni. Mzazi wa Mpanda ana swali lilelile la mzazi wa Orlando: mtoto yupi aone nini? Majibu anayopewa vijiweni na kwenye vikao vya shule yanahitaji kuchambuliwa.

"Mtoto mdogo haelewi, kwa hiyo haogopi"

Si kweli, na hili ndilo kosa linaloharibu safari nyingi. Mtoto wa miaka 3 hadi 6 anaogopa kwa macho na masikio. Joanne Cantor wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, aliyetumia miaka mingi kuchunguza yanayowatisha watoto kwenye televisheni, alikuta kwamba kipindi cha The Incredible Hulk kiliwatisha wadogo kuliko wakubwa. Hulk ni jitu jema linalookoa watu, na watoto wakubwa waliuona wema wake. Wadogo waliona mtu anageuka jitu mbele ya macho yao. Habari ya wema haikuwafikia kabisa.

Kuanzia miaka 8 hivi mizani hubadilika. Sura mbaya na kelele hupungua nguvu, na nafasi yake inachukuliwa na mambo yanayoweza kutokea kweli: kufa, kuumia, kuachwa. Peleka watoto wawili kwenye dimbwi la Ikuu, ndani ya hifadhi, mwezi wa kumi. Yule wa miaka 4 atalia kwa sababu ya mngurumo na ukubwa wa vichwa vile, na usiku huohuo huenda akalala fofofo. Dada yake wa miaka 9 atacheka mngurumo. Lakini akiona ndama wa kiboko akielea amekufa, maana madume huua ndama nyakati za msongamano, atanyamaza njia nzima ya kurudi, kisha saa nne usiku aulize kama baba naye anaweza kufa. Kwa hiyo anayelia si lazima ndiye aliyetishika zaidi.

Hata kuwatuliza kunatofautiana. Mdogo mpakate, mpe maji, geuza gari, maelezo hayamsaidii. Mkubwa ndiye anayetaka kuelezwa, na akidanganywa kwamba "amelala tu" atajua.

"Kadiri kiangazi kinavyokaza, ndivyo safari inavyonoga"

Kweli kwa mpiga picha na kwa kijana wa sekondari. Kwa mtoto wa chekechea, hapana.

Katavi ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili. Mvua zikikatika, maziwa ya msimu ya Katavi na Chada huanza kunywea, na mito hukatika ikawa vidimbwi. Juni na Julai nyasi bado ziko juu, maji yapo, na viboko wana nafasi ya kutosha. Huo ndio wakati wa wadogo. Mtoto anaona kichwa, masikio yanayochezacheza, kichwa kinazama, kinaibuka tena. Kwake hilo ni onyesho kamili, na mtu mzima anayenung'unika kwamba "hatujaona kitu" angebaki nyumbani.

Agosti na Septemba ni zamu ya wenye miaka 8 hadi 12. Nyasi zimelala, makundi ya nyati yanaonekana kwa mbali, na mamba wameanza kujibanza kwenye mapango ya kingo za mto kukwepa jua. Mapango hayo ni jambo ambalo watoto wa rika hili hawalisahau: mamba amelala juu ya mwenzake kama magunia ghalani, na hakuna anayetikisika. Watakuuliza anakula nini. Waambie ukweli, kwamba damu yake baridi haihitaji chakula kingi na anaweza kukaa miezi bila mlo.

Oktoba waachie wakubwa. Kuna vumbi, joto na harufu ya matope yaliyochanganyika na kinyesi, na mgongoni mwa viboko kuna majeraha mabichi. Wapo wanaokufa, na mizoga yao huliwa hadharani. Sioni sababu ya kumpeleka mtoto wa miaka 5 akashuhudie hayo kisha tumwite mwoga.

Tatizo ni kalenda ya shule. Likizo ndefu ni za Juni na Desemba, na Desemba udongo mweusi wa mbuga hunasa magari huku viboko wametawanyika. Kwa wadogo Juni inatosha. Kwa wakubwa kuna bahati ambayo wazazi wachache huitumia: Darasa la Saba humaliza mtihani wa taifa Septemba, na Oktoba nzima wako nyumbani wakizurura. Umri wao na ukali wa msimu vinalingana.

"Kiboko anakula majani, kwa hiyo hana neno"

Si kweli hata kidogo. Ni kweli anakula majani, hadi kilo 40 kwa usiku mmoja. Lakini haui binadamu kwa njaa. Anaua kwa kulinda maji yake, ndama wake, na njia yake ya kurudi mtoni. Sitalike viboko huonekana karibu sana na makazi ya watu, na ukaribu huo huwalaghai wageni wakadhani ni mifugo. Hutoka majini jua linapozama, kwa hiyo familia yenye watoto iwe imeshaondoka ukingoni kabla ya saa 12 jioni. Na wakati wowote, mtoto asisimame kati ya kiboko na maji.

Hapohapo nimalizie mengine matatu yanayosemwa kila ziara. Akipanua mdomo hapigi mwayo wa usingizi. Mara nyingi anatishia, akionyesha meno ya chonge yanayoweza kufikia nusu mita. Yale majimaji mekundu mgongoni mwake si damu; ngozi yake huyatoa ili kujikinga na jua na vijidudu, ingawa Oktoba damu halisi nayo huwapo, na mwongozaji mzuri atawaonyesha tofauti. Tena kiboko haogelei. Anatembea na kujisukuma chini ya maji, akibana pumzi kwa dakika tano hivi. Wape watoto wa miaka 8 kazi ya kuhesabu sekunde tangu kichwa kizame. Wataisahau hofu yote.

"Sare ya shule ndiyo nguo bora ya ziara"

Si kweli, na hapa nawasema walimu wangu wapendwa. Katavi ina mbung'o, au ndorobo kama wengi wa huku wanavyowaita. Mdudu huyu huvutwa na vitu viwili: kitu kinachotembea, hasa gari, na rangi ya buluu au nyeusi. Ndiyo maana mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Sasa tazama basi la shule ya msingi likiingia hifadhini: watoto hamsini, sketi na kaptura za buluu, madirisha wazi. Tumewapelekea mtego wenyewe.

Wavalishe nguo za kaki au kijivu zenye mikono mirefu. Dawa za kujipaka zinazofukuza mbu hazimzuii mbung'o sana. Kung'atwa kwingi huishia kwenye uvimbe na kilio, lakini mbung'o ndiye msambazaji wa malale, hivyo mtoto akipata homa siku au wiki baada ya safari mwambie mganga kwamba mlikwenda hifadhini. Asipojua, atapima malaria peke yake. Kwa mtoto wa chini ya miaka 3, mbung'o ni sababu tosha ya kuahirisha. Hakuna kiboko anayefidia saa tatu za kilio ndani ya gari lenye vioo vilivyofungwa.

"Mtoto jasiri anaweza kutembea kwa miguu na askari"

Ujasiri hauhusiki. Safari za miguu hifadhini ni za kuanzia miaka 12, na askari mwenye bunduki huongoza. Sababu yake ni utii wa papo hapo. Askari akisema simama, kila mtu anasimama, hata kama nyati yuko hatua chache mbele na miguu inataka kukimbia. Mtoto wa miaka 9 anayepanda miembe yote ya mtaa bado ana miaka 9. Mdogo wa familia akilia kwamba kaka amekwenda na yeye amebaki, alie.

"Watoto wote wanalipa sawa"

Si kweli. Aliye chini ya miaka 5 halipi kiingilio, wa 5 hadi 15 hulipa nafuu, na kuanzia 16 ni mtu mzima. Beba nakala ya cheti cha kuzaliwa, hasa kwa wale vijana warefu wa miaka 14. Fedha taslimu getini hazipokelewi, kwa hiyo andaa malipo ya kielektroniki mapema.

"Bila gari la kukodi hakuna cha kuona"

Kweli nusu. Ikuu, Chada na ndani kwenye tambarare za Katisunga hufiki bila gari imara. Lakini barabara ya Mpanda kwenda Sumbawanga inapita katikati ya hifadhi, na abiria wa basi aliyekaa dirishani huona wanyama mara nyingi tu kwa bei ya nauli. Kwa mtoto wa miaka 4 au 5 naona hiyo ni safari ya kwanza nzuri kuliko ya kitalii. Yuko mapajani mwa mama, dirisha linamkinga, twiga anaonekana na kupotea kabla hofu haijakomaa.

"Habari za Katabi zisitajwe mbele ya watoto"

Hapa hakuna kweli wala si kweli ya moja kwa moja, kuna malezi. Karibu na Ziwa Katavi upo mkwaju ambao, kwa simulizi za huku, ndani yake huishi roho ya Katabi, mwindaji mashuhuri ambaye hifadhi na mkoa vimechukua jina lake. Watu bado huacha sadaka shinani kuomba baraka. Mzazi ambaye dini yake haimruhusu kuisimulia kama imani anaweza kuisimulia kama historia ya mahali. Kilicho hakika ni kwamba katika simulizi hiyo Katabi si zimwi la kula watoto. Huombwa mema.

Wanaomgeuza kuwa zimwi ni watu wazima walio ndani ya gari. "Ukiendelea kulia, Katabi atakuchukua." Neno hilo moja kwa mtoto wa miaka 5, umri ambao bado hatenganishi vizuri la kusimuliwa na la kweli, linaweza kumkosesha usingizi kwa wiki. Ukitaka kumsimulia, msimulie nyumbani, mchana, kabla ya safari, ili akifika kwenye mkwaju awe anakutana na anayemjua. Wenye miaka 10 na kuendelea wasimulieni hata usiku kambini. Wao hofu ya pamoja, yenye kucheka katikati, ndiyo wanayoitafuta.

Walimu wakuu wa Mpanda, Mlele na Tanganyika, kinachobaki kiko mikononi mwenu. Ziara ya shule kwa kawaida hujaza basi moja, chekechea mpaka Darasa la Saba, ili gharama ipungue. Gaweni. Wadogo waende Juni, waishie Sitalike na warudi kula mchana nyumbani. Wa kati waende Septemba, mapumziko ya katikati ya muhula yakiwapo. Wahitimu waende Ikuu Oktoba. Na sare za buluu ziachwe shuleni.