Faiba ya Kijiji: Mafundi Watoke Miongoni Mwetu



Tukitembelea vikundi siku hizi, swali moja halikosi: mbona intaneti ya faiba imefika mjini, na huku kwetu tunaambiwa ni ghali mno? Jibu liko ardhini. Faiba yenyewe ni uzi wa kioo mwembamba kama unywele, unaopitisha mwanga, na bei yake si ya kutisha. Pesa nyingi huliwa na uchimbaji wa mtaro na malipo ya mafundi wa kutoka mbali.

Huko Uingereza, wakazi wa bonde la mto Lune, kaunti ya Lancashire, walichoka kungoja makampuni. Mwaka 2011 wakaunda chama chao, B4RN. Hisa zilianzia paundi 100. Wenye mashamba walikubali paipu zipite bure, na wanakijiji wakachimba wenyewe, huyu na trakta, yule na sepetu. Sisi tungeiita harambee tu. Leo chama kina wateja zaidi ya 10,000, tena kwa kasi ya megabiti 1,000 kwa sekunde.

Sasa kazi yenyewe. Kwanza hufukiwa paipu tupu ya plastiki, kisha kebo husukumwa ndani yake kwa upepo wa kompresa. Kuchimba na kutoboa ukuta ni kazi ya kila mtu. Kuunganisha ndiko kwenye ufundi: unamenya uzi, unausafisha kwa spiriti, unaukata ncha iwe sawa kabisa, halafu mashine inayeyusha ncha mbili kwa cheche ya umeme zikawa moja. Vumbi kidogo tu, mwanga unapotea njiani. Kwa hiyo chagueni watu wawili au watatu wenye mikono mitulivu na macho mazuri, wala msitazame cheti cha shule. Mama aliyezoea kushona anaweza kuwashinda vijana wote! Wawili ni lazima, maana fundi mmoja akipata kazi Nairobi, kikundi kimebaki na mashine tu.

Mashine hiyo ni ghali. Kama nyumba ni chache, kodisheni, au vikundi jirani vichange mnunue moja.

Vipande vya kioo huingia kwenye ngozi bila kuonekana. Vitiwe kwenye chupa yenye kifuniko, na mtu asile mezani pa kazi. Tena usichungulie ncha ya faiba hata siku moja. Mwanga wake hauonekani lakini unaharibu jicho. Nguzo za stima msipande.

Kabla ya kununua hata mita moja ya paipu, ulizeni kama kuna laini kubwa karibu mtakayonunulia intaneti kwa jumla. Ikiwa hakuna, mtaro wenu hauendi popote. Kuuza huduma kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, na tangu 2021 ipo njia iliyowekwa kwa mitandao ya jamii. Barabara nayo haikatwi bila ruhusa.

Ruhusa ya kila shamba iandikwe na kutiwa sahihi, hata kama mwenyewe ni shemeji yako. Mwisho, mchore ramani ya paipu zilikopita na kina chake, nakala ikae kwa katibu na nyingine kwa chifu, ili anayechimba shimo la choo mwaka ujao asiwakate.