Tri Yann mchana, Tri Yann usiku

Wenzangu waliposikia kwamba nililipa tiketi mbili kwa siku moja, za orkestra moja, katika ukumbi mmoja, waliniuliza kama miezi yangu mitano ya masomo huko Rennes ilinitajirisha. Hapana. Juma zima lililofuata nilikula mkate na sardini. Onyesho la usiku lilikuwa limejaa, wakaongeza jingine la saa tisa mchana, na mimi nikataka yote mawili. Naeleza hapa sababu, maana inaihusu fakulte yetu kuliko nilivyodhani.

Tri Yann ilikuwa orkestra ya Nantes iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1970. Waanzilishi wake watatu, Jean Chocun, Jean-Paul Corbineau na Jean-Louis Jossic, wana jina moja, kwa hiyo wakajiita kwa Kibretoni Tri Yann an Naoned: akina Jean watatu wa Nantes. Tusilipite jina hilo haraka. Katika Kibretoni, jina linalofuata namba hubaki katika umoja. Wimbo Tri martolod, ambao Alan Stivell aliupeleka Olympia ya Paris mwaka 1972, tunautafsiri "Mabaharia watatu", lakini neno kwa neno ni "tatu baharia". Kwetu namba ndiyo inayolifuata jina: watatu, vitatu, mitatu. Kwao jina ndilo linalotikiswa na namba: mbwa ni ki, mbwa watatu ni tri c'hi. Na jina likiwa la kike, tri yenyewe inageuka kuwa teir.

Muziki wao ni nyimbo za zamani za vijijini zilizopewa gita za umeme na ngoma za roki, pamoja na bombarde, zumari ya Bretagne yenye sauti kali ya kuamsha kijiji. Lakini nguvu yake inatoka kwenye desturi ya kuitikiana. Katika kan ha diskan, namna ya kuimba kwa ajili ya kucheza, mwimbaji wa kwanza anatoa mstari. Wa pili anadaka silabi zake za mwisho, wanaziimba pamoja, kisha anaurudia mstari peke yake, na wa kwanza naye anadaka mwisho wake. Hakuna pengo la kupumua. Ndivyo wanavyokesha katika fest-noz, sherehe ya usiku ambayo UNESCO iliiweka katika orodha yake ya urithi mwaka 2012. Tri Yann walipopanda jukwaani, mwitikiaji alikuwa ukumbi. Nusu ya wimbo haikuwa mikononi mwao.

Hilo nililielewa kwa sababu nilisikia nyimbo zile zile mara mbili. Mchana ukumbi ulikuwa wa wazee. Pembeni yangu alikaa mama mmoja mwenye mvi, mkoba magotini. La Jument de Michao, wimbo wa Kifaransa unaohesabu miaka kwa kushuka kutoka kumi, aliuimba kwa sauti. Wimbo wa Kibretoni ulipofika aliuimba pia, lakini kwa chini, akimeza silabi. Wakati wa mapumziko aliniambia kwamba wazazi wake walisema Kibretoni pale tu walipotaka watoto wasielewe. Wao wenyewe shuleni walikuwa wamevishwa "symbole", kitu alichotundikwa mtoto aliyenaswa akisema lugha ya nyumbani, mpaka amnase mwenzake na kumpa. Nikacheka vibaya. Katika shule yangu ya msingi, Bukavu, kilikuwa kipande cha ubao, na mimi nilikivaa kwa ajili ya Mashi.

Usiku walijaa vijana, wamesimama, wakirukaruka. Wimbo ule ule wa Kibretoni ulirudi ukiwa na herufi zote, kama imla. Kijana aliyenikanyaga mguu alisoma Diwan, shule zilizoanza mwaka 1977 ambako watoto wanafundishwa kwa Kibretoni. Nikamuuliza kama anaongea na nyanya yake. Kwa Kifaransa, akasema; Kibretoni cha kila mmoja kinamchosha mwenzake.

Nilikumbuka kozi yetu ya fasihi simulizi. Candi Rureke alisimulia utendi wa Mwindo kwa siku 12 mwaka 1956, mbele ya Wanyanga waliokuwa wakiitikia. Biebuyck na Mateene wakautoa katika kitabu mwaka 1969. Sisi tunausoma kana kwamba ulizaliwa kitabuni. Biebuyck mwenyewe alichapisha masimulizi mengine ya Mwindo mwaka 1978, nami niliyachukulia kuwa nyongeza tu, ya kuruka kabla ya mtihani. Sasa najiuliza walioitikia walisema nini, na nani leo angeitikia.

Tri Yann waliacha jukwaa mwaka 2021, na Corbineau akafariki mwaka uliofuata. Asubuhi baada ya maonyesho yale nilimpigia simu nyanya yangu, Walungu, nikamwimbia wimbo wa kutwanga aliotuimbia utotoni. Akaitikia mara moja, kisha akanyamaza akingoja mstari wa pili. Sikuwa nao. Akanitolea yeye, polepole, na mimi nikaandika nyuma ya tiketi ya saa tisa.